Mlango wa Mfanyakazi: Pambo la Ubao Mmoja



Ukurasa huu wa Kiswahili umezoea kusema juu ya mishahara, saa za ziada, likizo, na watu wanaofukuzwa kazi bila barua. Leo tunaingia nyumbani. Tunataka kusema juu ya mlango, na hasa juu ya pambo la ubao linalozunguka fremu ya mlango: jinsi linavyotengenezwa kwa fedha kidogo, na mambo ya kuangalia kabla hujashika nyundo.

Wapo watakaouliza: chama cha wafanyakazi na mapambo ya mlango, wapi na wapi? Jibu letu ni fupi. Shilingi tunayoidai kwa tajiri mwaka mzima ndiyo hiyohiyo inayopotea jioni moja kwa kununua vibaya, kwa kukopa vibaya, au kwa kutengeneza nyumba ya mtu mwingine bila maandishi. Tumeona wanachama wengi wakipigania nyongeza kazini, halafu nyongeza yote ikamezwa na kodi ya nyumba ambayo wao wenyewe waliipandisha kwa mikono yao. Habari hiyo tutaieleza hapa chini.

Tena kuna neno jingine. Mtu aliyesimama kwenye mashine saa nane anastahili kurudi kwenye nyumba inayopendeza. Hatukubali mawazo kwamba uzuri ni wa wenye magari, na kwamba kabwela atosheke na paa lisilovuja. Uzuri wa mlango hauhitaji utajiri. Unahitaji ubao mmoja, vifaa vya kuazima, na subira.

PAMBO LINA KAZI

Tuanze kwa kuondoa kosa moja. Watu wengi hudhani ule mkanda wa ubao unaozunguka fremu ni urembo mtupu. Sivyo. Fremu ya mbao inapowekwa katika ukuta wa matofali, huwa imebanwa vizuri na plasta imepakwa mpaka kwenye ukingo wake. Lakini mbao hukauka na kusinyaa, na matofali hayasinyai pamoja nayo. Baada ya mwaka mmoja au miwili ufa unaonekana kati ya fremu na plasta. Kila mlango unapofungwa kwa nguvu, ufa unaongezeka. Humo hupita vumbi, humo hulala mende, na humo mchwa hupata njia ya kupanda bila kuonekana.

Mkanda wa ubao unafunika ufa huo. Upande mmoja umelala juu ya fremu, upande wa pili umelala juu ya ukuta. Kwa hiyo anayeweka pambo hilo anatengeneza nyumba, na uzuri unakuja pamoja na matengenezo.

Wazee wetu walijua heshima ya mlango. Ndugu waliofika Unguja au Lamu wameiona milango ya kale, fremu zake zimechongwa minyororo, maua, samaki na mawimbi. Mpita njia aliangalia mlango akajua nyumba ni ya mtu wa namna gani. Hapa kwetu Uganda, anayetembea barabara kuu ya Jinja ainue macho aangalie maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi: juu ya milango na madirisha mafundi walifinyanga plasta wakaweka mapambo, na mahali pengine jina la mwenye duka na mwaka wa ujenzi. Na kwa jirani zetu wa Rwanda, upande wa mashariki, kina mama wamekuwa wakipamba kuta kwa imigongo, yaani mistari na pembe zilizoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, zikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Samadi na majivu havinunuliwi dukani. Basi asiseme mtu kwamba pambo ni jambo la kigeni au la matajiri.

KARATASI KABLA YA NYUNDO

Kama nyumba ni yako, ruka sehemu hii. Lakini wengi wetu mijini tunapanga. Tunakaa katika chumba kimoja cha muzigo, au katika kota za kampuni, au nyuma ya nyumba ya mtu.

Mwenzetu mmoja, dereva wa lori, alipanga vyumba viwili kwa mama mmoja mzee anayeheshimiwa mtaani. Mlango wa mbele ulikuwa umepasuka pembeni, mvua ikinyesha maji yanaingia. Dereva akanunua mbao, akaita fundi, akaziba nyufa, akaweka mkanda mzuri kuzunguka fremu, akapaka rangi mlango na ukuta wa mbele. Majirani wakasifu. Mwisho wa mwezi akapeleka kodi kama kawaida. Yule mama akahesabu noti, akamwambia kwa upole: "Mwanangu, nyumba imependeza sana. Lakini nyumba ya namna hii haipangishwi tena kwa bei ile."

Dereva akasema, "Lakini Hajati, ni mimi niliyeitengeneza!"

"Ninajua, mwanangu. Tuliandikiana wapi?"

Hawakuandikiana popote. Dereva alilipa kodi mpya kwa miezi minne, kisha akahama. Mbao zilikuwa zimepigwa misumari mirefu na kukandikwa saruji. Aliziacha zote.

Hatumtukani yule mama. Nyumba ni yake, naye ana matumizi yake. Tunasema kwamba neno la mdomo halisimami mbele ya mtu yeyote, wala halitoshi mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Uganda tunayo Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022. Sheria hiyo inataka mapatano ya kupanga yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe ya maandishi. Inasema pia kwamba kodi isiongezwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa waziri ameweka kiwango kingine. Hiyo ni ngao. Lakini ngao iliyotundikwa ukutani haimkingi mtu. Kama huna mapatano ya maandishi, utaonyesha nini kwamba kodi yako ilikuwa kiasi gani mwezi uliopita? Kwa hiyo hata kama chumba chako ni cha bei ndogo, andikianeni, na chukua risiti kila ulipapo.

Kwa kazi ya mlango, karatasi moja inatosha. Iandikwe mambo manne tu:

La kwanza, mwenye nyumba amekubali kazi ifanyike, na ni kazi gani.

La pili, nani analipa. Kama ni wewe, je, fedha hizo zitakatwa katika kodi, na kwa miezi mingapi?

La tatu, kodi haitapandishwa kwa sababu ya kazi hiyo, mpaka tarehe mliyopatana.

La nne, ukihama, mbao unaondoka nazo au unaziacha.

Wekeni sahihi wote wawili, na mwenyekiti wa LC wa kwanza awe shahidi. Kila mmoja abaki na nakala yake. Asiyejua kuandika aje kwenye tawi, katibu atamwandikia. Mwenye nyumba akikataa kuweka sahihi, basi umejua mapema, na fedha zako bado ziko mfukoni.

Jambo hili la nne ndilo linalotufanya tushauri skurubu badala ya misumari. Mwaka 2011 nyumba za Naguru na Nakawa mjini Kampala, ambazo zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, zilivunjwa, na watu waliokaa humo miaka mingi wakatawanyika. Mpangaji hajui siku wala saa. Pambo lililofungwa kwa skurubu linafunguliwa kwa bisibisi katika muda wa robo saa, linafungwa kwa kamba, linapanda juu ya mzigo pamoja na godoro.

TAZAMA FREMU KWANZA

Usinunue kitu kabla ya kuukagua mlango. Gongagonga fremu kwa mpini wa bisibisi toka chini mpaka juu. Mahali penye sauti ya debe tupu, mchwa wameshakula. Choma kwa ncha: ikizama kama katika sabuni, fremu imekwisha, na pambo juu yake ni kumvisha maiti suti. Tengeneza fremu kwanza.

Angalia maji. Kama ukuta una unyevu pembeni mwa mlango, tafuta maji yanatoka wapi. Ubao uliolazwa juu ya ukuta wenye maji utaoza nyuma wakati mbele bado unang'aa.

Angalia pia kama fremu ni ya chuma. Nyumba nyingi za kupanga siku hizi zina milango na fremu za chuma. Hapo ubao hauwezi kushikwa na fremu, itabidi utoboe ukuta na kuweka plagi. Ukiona hiyo ni kazi kubwa, paka mkanda wa rangi ukutani kuzunguka mlango, upana wa inchi nne, mistari yake ikavutwa kwa uzi na futi. Unapendeza, na hauhitaji ubao hata mmoja.

Mwisho wa ukaguzi ni rangi ya zamani. Rangi za zamani nyingi zilitiwa risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Usiikwangue ikiwa kavu, wala usiichome moto. Ilowanishe maji, isugue na msasa wa maji, funika sakafu kwa gazeti, na takataka zote zikusanywe zitupwe mbali na mahali pa kuchezea. Watoto wakae nje mpaka umalize kufagia kwa kitambaa chenye maji.

UBAO MMOJA UNATOSHA

Sasa hesabu. Tumechukua mlango wa kawaida ambao nafasi yake ndani ya fremu ni inchi 32 kwa upana na inchi 80 kwa urefu. Mlango wako ukiwa tofauti, badili hesabu, njia ni ileile. Pima mwenyewe mara mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia, maana mafundi wengi hawakuacha pande mbili zikiwa sawa.

Nunua ubao mmoja wa inchi 6 kwa inchi 1, urefu futi 12. Hiyo ni inchi 144. Ukate hivi:

Kata kwanza kipande cha inchi 76. Kipasue katikati kwa urefu. Umepata mikanda miwili, kila mmoja upana wake karibu inchi 3. Hiyo ndiyo miimo, wa kushoto na wa kulia.

Umebaki na inchi 68. Kata inchi 34, pasua katikati. Mkanda mmoja ni ubao wa juu. Wa pili ni akiba. Ukiharibu wa kwanza unao mwingine, na usipoharibu utapiga misumari juu yake upate mahali pa kutundikia nguo.

Kipande cha mwisho kina inchi karibu 34. Humo pasua mkanda wa upana wa inchi 3 na robo, ukate vibao vinne: viwili vya mraba, kila upande inchi 3 na robo, vya kukaa pembe za juu, na viwili vya urefu wa inchi 6 vya kukaa chini, juu ya sakafu.

Kwa nini tunataka vibao vya pembe? Kwa sababu njia ya mafundi wakubwa ni kukata mbao mshazari na kuziunganisha pembeni, na kazi hiyo inahitaji mkono uliozoea. Asiyezoea ataacha mwanya, kisha atakata tena, na tena, mpaka ubao uwe mfupi. Kwa vibao vya pembe kila kitu kinakatwa moja kwa moja, na kosa dogo halionekani. Vibao hivyo viwe vinene kidogo kuliko mikanda: mikanda ipigwe randa mpaka ibaki na unene wa robo tatu ya inchi, vibao visawazishwe tu. Hapo vitatokeza mbele kidogo na kuficha maungio.

Kupasua kwa urefu ni bora kufanyike hapohapo unaponunua. Kwenye masoko ya mbao kama Ndeeba, mashine zipo, na kupasua kwenye mashine ni kazi ya muda mfupi. Kwa msumeno wa mkono utatoka jasho na mstari utapinda. Hizi nyingine za kukata kwa upana fanya nyumbani.

Ubao wa aina gani? Mvule ni mgumu na mchwa hawaupendi, lakini bei yake si ya mshahara wetu, tena miti yenyewe imepungua sana. Musizi na paini ni nafuu na ni laini kufanyia kazi. Kwa pambo la ndani zinatosha, mradi upake rangi pande zote. Chagua ubao mmoja mmoja, usipokee unaotolewa tu na muuzaji. Ushike mwisho mmoja, funga jicho, uangalie kama umepinda. Angalia mafundo na vitundu vidogo vya dumuzi. Weka kiganja: ubao mbichi ni mzito na una ubaridi. Ukinunua mbichi, ulaze chini ya paa juu ya vipande vya mbao ili upepo upite, miezi miwili au mitatu, usiuanike juani. Ukiufunga ukiwa mbichi utapinda na kuvuta skurubu.

Na tafadhali, usipake oili chafu ya gari kwa ajili ya mchwa. Rangi haishiki juu yake, na oili hiyo ni mbaya kwa ngozi.

KUREMBA

Hapa kila mtu ana macho yake. Sisi tunatoa njia tatu zisizohitaji mashine.

Njia ya kwanza ni kupiga randa kingo za mbele za mikanda kwa mshazari mdogo. Mwanga ukipiga hapo unaonekana mstari mzuri. Hii peke yake inatosha kwa nyumba nyingi.

Njia ya pili ni kuvuta mifereji. Chukua kipande cha ubao mgumu, tia skurubu ya kichwa bapa ubavuni mwake, ukiacha kichwa kimechomoza kidogo. Ukingo wa kichwa hicho unakwangua. Buruta kifaa hicho kando ya mkanda, polepole, mara nyingi, ukikandamiza kidogo kidogo. Mfereji utajichimba, umenyooka, sambamba na ukingo. Vuta miwili kila mkanda. Ukiona nyuzi za ubao zinanyanyuka, vuta kutoka upande wa pili.

Njia ya tatu ni kuchonga vibao vya pembe. Piga msumari mdogo katikati, funga uzi na penseli, zungusha duara. Ndani ya duara gawanya ua la majani sita kwa uzi uleule bila kubadili urefu wake: weka ncha juu ya duara, chora, sogea mahali mstari ulipokata, chora tena. Kisha fuata mistari kwa patasi kali, kina cha nukta chache tu. Patasi butu ndiyo inayokata vidole, kwa hiyo noa kwanza, na mkono wa kushoto usikae mbele ya patasi.

Wenye subira wataona kwamba ua hilo la majani sita linapendeza kuliko mapambo ya plastiki ya dukani yanayobandukia sakafuni msimu wa jua kali.

KUFUNGA

Paka rangi ya kwanza pande zote kabla ya kufunga, na nyuma pia. Wengi huacha nyuma. Nyuma ndiko unyevu wa ukuta unakoingilia, na ubao uliopakwa upande mmoja hukunjamana.

Anza na vibao vya chini. Viweke pande zote mbili, ukiacha robo inchi ya fremu ionekane upande wa ndani. Robo inchi hiyo iwe sawa kila mahali, ndiyo inayofanya kazi ionekane safi. Bawaba nazo zipate nafasi.

Miimo inafuata. Kwa mlango wetu wa inchi 80: ongeza robo inchi, toa inchi 6 za kibao cha chini, unabaki na inchi 74 na robo. Usiikate miimo kabla ya kupima kila upande, kwa sababu sakafu hailali sawa. Isimamishe kwa pima maji au kwa timazi. Kama huna, jiwe lililofungwa kwenye uzi ni timazi tosha.

Juu ya miimo weka vibao vya pembe, halafu pima kati yake. Itakuwa inchi 32 na nusu, lakini amini futi yako kuliko gazeti letu. Kata ubao wa juu, uingize kati.

Kila mwimo uwe na skurubu tano kwenye ukingo wa ndani, zikizama katika fremu. Toboa kwanza kwa keekee, tundu dogo kuliko skurubu, ama sivyo ubao utapasuka. Sugua skurubu kwenye sabuni, itaingia bila kelele na siku ya kuhama itatoka vivyo hivyo. Kama ukingo wa nje haulali vizuri ukutani, weka skurubu mbili zenye plagi upande huo. Vichwa vya skurubu usivifiche. Vipange kwa umbali ulio sawa, navyo vitakuwa sehemu ya pambo.

Mwanya mdogo kati ya ubao na ukuta uzibwe kwa plasta laini au kwa unga wa randa uliochanganywa na gundi. Piga msasa, paka rangi ya pili.

WATU WATANO, KOPO MOJA

Hapa ndipo chama kinapoingia. Hesabu rangi: mlango mmoja upande mmoja, mbele na nyuma ya mbao, mara ya kwanza na ya pili, hauzidi mita mraba mbili. Lita moja ya rangi ya mafuta hupaka mita mraba kumi hivi. Basi mtu mmoja akinunua kopo la lita moja, sehemu kubwa itakaukia ndani ya kopo. Watu watano wakichanga, kopo moja linawatosha. Pakiti moja ya skurubu inawatosha. Karatasi chache za msasa zinawatosha. Pikipiki iliyobeba ubao mmoja na gari dogo lililobeba mbao tano, nauli yake kwa kila mtu si sawa.

Vifaa navyo ni hivyohivyo. Msumeno, randa, patasi, keekee, bisibisi, pima maji, futi na guniya: hakuna sababu ya kila mwanachama kununua. Tawi likiwa na sanduku moja la vifaa, likawa na daftari la kuandika aliyeazima na siku ya kurudisha, nyumba nyingi zitatengenezwa. Anayepoteza alipe. Anayerudisha patasi butu ainoe kwanza.

Hatushauri mtu yeyote akope kwa mkopeshaji wa mtaani kwa ajili ya pambo. Pambo linaweza kungoja mwezi ujao, riba haingoji. Nunua ubao mwezi huu, uache ukauke. Mwezi ujao changia rangi.

MBAO ZA KAZINI

Neno hili ni zito, tunaomba lisomwe polepole. Viwanda na maghala mengi yana mbao za kusafirishia mizigo, zile pakacha za mbao zinazobebwa na mashine. Zikivunjika hutupwa nyuma ya ghala. Mtu anasema, "Si zimetupwa?" Anabeba mbili jioni. Getini anakamatwa, anaandikiwa wizi, anafukuzwa siku hiyohiyo. Chama kikija kumtetea kinakuta hana karatasi yoyote.

Mbao hizo zinafaa kabisa kwa kazi tuliyoieleza, hasa kwa vibao vya pembe. Lakini mjumbe wenu aombe kwa meneja kwa niaba ya wote, ruhusa iandikwe, na kila anayetoka apewe hati ya getini yenye idadi ya mbao. Kampuni nyingi hukubali kwa sababu takataka zinawapungukia.

Angalia pia alama iliyochomwa juu yake. Zenye herufi HT zilitibiwa kwa joto, hizo unaweza kuchukua. Zenye herufi MB zilifukizwa dawa kali ya kuua wadudu, ziache. Na zilizomwagikiwa kemikali ziache hata kama ni nzuri namna gani.

FUNDI NAYE ANA TUMBO

Si kila mtu atafanya kazi hii mwenyewe. Anayeita fundi akumbuke kwamba fundi naye ni mfanyakazi. Hana likizo, hana malipo ya ugonjwa, akikatika kidole hana fidia. Ni aibu kwa mwanachama anayesimama getini kudai ujira wa haki, halafu jioni anamkalia fundi mpaka apokee bei isiyonunua chakula.

Patana naye kabla: kazi ni ipi, mbao za nani, bei gani, atamaliza lini. Lipa sehemu kwanza na sehemu ikiisha kazi, siku ileile iliyoisha. Ukiwa na watu watano, fundi mmoja atakata mbao zote kwa pamoja. Hapo bei ya kila mlango inapungua bila fundi kuibiwa jasho lake, maana kukata mbao tano zinazofanana kunachukua muda mfupi kuliko kukata mara tano siku tofauti.

LA KUFANYA SASA

Tunaomba kila tawi, katika mkutano wa mwezi, liulize wanachama wangapi wanataka kutengeneza milango yao. Wakipatikana watano, wachague mmoja wa kushika fedha na mwingine wa kushika daftari. Mshika fedha asiwe mshika daftari. Wapangaji wote walete karatasi zenye sahihi kabla ubao wowote haujanunuliwa. Kina mama wasiachwe nyuma: ndio wanaokaa na mlango huo mchana kutwa, na wengi wana mkono mzuri wa kuchonga kuliko sisi.

Baadhi yetu tuliingia katika chama kwa sababu ya jambo kubwa, mgomo au kufukuzwa kazi. Wengine huingia kwa sababu ya jambo dogo kama hili, kwa kuwa wameona watu watano wakinunua kopo moja la rangi na hakuna aliyedhulumiwa. Mtu aliyejifunza kuandikiana na mwenye nyumba wake hataogopa kudai barua ya ajira kwa tajiri wake.

Tawi lenye swali juu ya karatasi ya mapatano lilete kwa katibu. Tutasaidia kuiandika, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote ambayo mwenye nyumba anaisoma.